Siku Saba za Koti la Buluu

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza shajara. Watu wakubwa wote huandika kumbukumbu zao, na ukubwa wangu uko njiani. Umechelewa kidogo tu.

Kwa atakayesoma nikishakuwa maarufu: mimi ni mtengenezaji huru wa maudhui ya mitindo. Maana yake, kampuni ya nguo inanitumia vazi, nalivaa nyumbani, najirekodi kwa simu kama binadamu wa kawaida, na watazamaji wanaamini. Si tangazo. Ni uhalisia! Kampuni moja ya makoti imekubali kunijaribu. Ni moja tu, lakini haba na haba.

Ninaishi kwa Dada. Dada ni fundi cherehani, ana kibanda chake pale kona, na amewatangazia wateja wote kwamba mdogo wake anafanya kazi na kampuni ya mitindo. Mumewe, Shemeji, anaoka mikate usiku na kulala mchana, kwa hiyo hana maoni. Mjomba ndiye mwenye maoni. Ana duka la magodoro. Amesema mpaka Jumatatu ijayo, tarehe 11, nisipokuwa na mkataba mkononi, asubuhi hiyo hiyo naanza kazi kwake. Dada akanitetea sana. Akasema mwacheni, mtoto ana kipaji. Nina miaka thelathini na mbili, lakini nilifurahi.

Saa nne ukaja ujumbe wa yule dada wa kampuni anayenisimamia. Namwita Bi. Uhalisia, maana neno hilo limo mara kumi na moja katika maelekezo yake. Sharti lake ni hili: koti livaliwe siku saba, kila siku video moja fupi, zote zimfikie Ijumaa. Kwa hesabu yake koti lilinifikia Ijumaa iliyopita, basi leo ni siku ya nne. Ameuliza linaendeleaje.

Koti sijalitia machoni. Mtu mwingine angesema hivyo hivyo. Mimi nikajibu kwamba tumeshazoeana kama ndugu, na kwamba nimelivaa hapa hapa ninapomwandikia. Nilikuwa na taulo.

Jumanne, 5 Machi

Koti limepatikana! Lilikuwa ofisi ya vifurushi tangu Ijumaa. Karani anasema walinipigia mara tisa. Nimegundua kwamba nilipoandika namba yangu nilizigeuza tarakimu mbili za mwisho. Kuna mama wa watu mahali fulani ambaye amegombana na ofisi ya vifurushi siku nne mfululizo.

Karani akataka kitambulisho. Hapo pakawa na kizungumkuti. Mzigo uliandikwa jina langu la kisanii. Kitambulisho kina jina nililopewa na wazazi, ambalo halina mvuto. Nikamwonyesha ukurasa wangu mtandaoni, picha yangu, jina langu, kila kitu. Akautazama kwa makini. Akasema wafuasi mia mbili na kumi na wanne si kitambulisho. Na kati ya hao Dada amo mara tatu, kwa sababu kila akisahau neno la siri anafungua ukurasa mpya.

Nikampigia Dada. Akafunga kibanda katikati ya kazi, akaja na utepe wa kupimia bado uko shingoni. Kumbe karani ni mteja wake, humshonea watoto sare za shule. Waliulizana habari za nyumbani, karani akalalamika kwamba mkubwa wake amerefuka na suruali zimekuwa fupi, Dada akamwambia azilete azishushe. Dakika tano, koti liko mkononi.

Njiani Dada aliligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mishono yote. Akasema aliyelishona anajiheshimu. Koti zito, la buluu, mifuko minne. Akaniambia nilitunze, maana wateja wake wanauliza kila siku. Nikamwahidi.

Jumatano, 6 Machi

Nimeamka na hesabu. Siku saba zinatakiwa Ijumaa. Ninazo mbili. Ningeweza kumwambia Bi. Uhalisia ukweli kuhusu mzigo. Wazo hilo lilikuja, likakaa kidogo, likaondoka lenyewe.

Penye nia pana njia. Nimerekodi siku zote saba leo alasiri!

Wapo watu wangefanya jambo hili kijinga. Mimi nilianza kwa kushusha saa ya ukutani. Nikashusha na kalenda. Hapo ndipo utamjua mwenye akili. Nikaandaa mashati saba ya ndani, moja kwa kila siku, mawili ya kuazima kabatini kwa Shemeji. Siku ya kwanza nilikunywa chai. Siku ya pili nilifagia. Siku ya nne pazia likafungwa kuonyesha mawingu. Siku ya sita nilisoma kitabu, na siku ya saba nikakisoma tena, lakini nimefika mbali zaidi.

Tena koti la siku ya saba haliwezi kuwa jipya kama la siku ya kwanza. Nikalisugua viwiko kwa tofali. Siku ya tatu nikalimwagia chai. Siku ya tano mfuko ulinasa kwenye kitasa cha mlango ukachanika, na hilo sikulipanga. Nilipiga ukelele wa kweli kabisa. Nimeuacha kwenye video.

Joto lilikuwa la kuua, na feni haikunielekea mimi. Ilikuwa imemwelekea Shemeji. Chumbani kwao mchana bati linachoma, kwa hiyo akitoka kazini huja kujitupa sebuleni. Lakini hakunisumbua hata kidogo. Alikuwa amelala kwenye sofa nyuma yangu tangu asubuhi.

Saa kumi jioni kazi ikaisha. Dada aliporudi akaona mfuko umechanika. Akauliza umechanikaje siku moja tu. Nikasema ni maisha. Akaushona pale pale, kwa uzi wa rangi ile ile, mpaka mimi mwenyewe sikuona palipochanika.

Alhamisi, 7 Machi

Saa tano nimetuma video zote saba. Nimeketi na simu mapajani.

Saa sita hakuna kitu. Nikaenda mlangoni kupunga upepo nikakutana na Kinyozi wa jirani. Huyu naye siku hizi anajirekodi. Kampuni ya viatu imemtumia viatu, anavivaa akinyoa watu, basi. Hana mpangilio, hana mwanga, nywele za wateja zimejaa juu ya viatu. Ana wafuasi elfu nne. Akaniuliza mambo vipi. Nikamwambia nasubiri mkataba tu. Akasema hongera, na ninajua hakumaanisha, kwa sababu mimi ningekuwa yeye nisingemaanisha.

Saa nane, ujumbe! Bi. Uhalisia amependa. Ukelele wa siku ya tano umemgusa. Chai nayo imemfurahisha. Mwanga wa nyumba yetu, anasema, ni wa ajabu, haubadiliki.

Saa nane na dakika nne, ujumbe wa pili. Aliomba samahani kwa kuuliza. Yule baba aliyelala nyuma yangu, ni mzima?

Nikafungua video. Siku ya kwanza: mimi, kikombe, na nyuma yangu Shemeji, mdomo wazi, mkono wa kushoto unaning'inia. Siku ya pili: mimi, ufagio, Shemeji, mdomo wazi, mkono ule ule. Shati lile lile lake la viraka. Siku ya sita inzi ametua kwenye kidole chake gumba. Siku ya saba inzi bado yupo.

Saa nilishusha. Kalenda nilishusha. Mtu mzima mwenye kilo tisini nilimwacha.

Nilihisi godoro la Mjomba likinigusa mgongo. Vidole vikaandika vyenyewe. Nikasema ni shemeji yangu, mgonjwa, siku nyingi hajanyanyuka.

Akanipa pole nyingi. Akasema kumbe nafanya kazi huku nauguza, na huo ndio uhalisia wenyewe ambao kampuni inautafuta. Akasema atakuja Jumamosi kumjulia hali mgonjwa. Na atakuja na mkataba kwenye mkoba.

Mkataba! Nikaruka juu ya kiti. Kisha nikamsikia Shemeji bafuni anaimba.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemvizia Shemeji alipoamka. Nikamweleza kwa upole. Hakukasirika. Shemeji ni mtu asiyekasirika kabla ya kula.

Akauliza kwanza, yeye anaumwa nini. Nikapendekeza mgongo. Akakataa, habari zikifika kwa wenzake kiwandani watamwondoa kwenye tanuri wampeleke kufunga mifuko. Nikasema homa. Akasema homa ya wiki nzima bila kupelekwa hospitali ni aibu kwa mke wake. Tukakubaliana ni uchovu wa muda mrefu. Akasema hapo hatutakuwa tumedanganya.

Ametoa masharti mawili. La kwanza, nimfulie nguo za kazini mwezi mzima. La pili, Dada asijue kabisa. Hilo hata mimi nililijua. Dada hana mzaha na uchuro. Mteja mmoja aliwahi kumwambia Shemeji kwa utani kwamba amekonda, ana nini, na mpaka leo gauni la mteja yule halijaisha. Kumtangazia mumewe maradhi wakati yu mzima ni kumchuria. Lakini Jumamosi Dada huwa kibandani mpaka jioni. Hatajua.

Tukapeana mikono. Nimemwelekeza Bi. Uhalisia njia vizuri kabisa asije akapotea. Nimemwambia ukiona kibanda cha fundi cherehani kwenye kona, ingia kushoto. Ukishindwa, uliza pale pale.

Jumamosi, 9 Machi

Ya leo sikutaka kuyaandika. Naandika hivyo hivyo.

Saa tano kila kitu kilikuwa tayari. Shemeji kwenye sofa, shuka mpaka kifuani. Bilauri ya maji pembeni. Nilimwambia agune kidogo tu mgeni akiingia. Lakini alitoka zamu alfajiri, na baada ya dakika tatu alikuwa amelala kweli. Nikaona bora zaidi. Nikavaa koti.

Bi. Uhalisia alifika kwenye kona. Akaliona geti moja, akaona na jingine. Akafanya nilivyomwambia. Akauliza kibandani. Kwa adabu zote akamwuliza fundi, samahani dada, nyumba ya yule baba aliyelala kwenye sofa wiki nzima hajanyanyuka ni ipi, mwenye shati la viraka, naja kumpa pole mgonjwa.

Fundi ndiye aliyevishona viraka vile.

Mimi nilisikia mlango ukifunguka kwa kishindo. Dada akaingia na kiatu kimoja, utepe wa kupimia unaburuzika nyuma yake, akapita mbele yangu kama mimi ni pazia, akamwangukia mumewe kifuani akimwita kwa jina. Shemeji akakurupuka. Akasimama wima, shuka shingoni, macho yametoka.

"Imeungua?" akauliza. "Mikate imeungua?"

Mzima wa afya. Hata kikohozi hana. Bi. Uhalisia alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa machungwa, na nyuma yake Kinyozi, ambaye sijui nani alimwita.

Dada alinigeukia taratibu. Aliniuliza kama ni kweli nimemwambia mgeni kwamba mume wake anakufa. Nikasema sikusema anakufa, nilisema hajanyanyuka. Nilidhani atanigombeza. Ningependa anigombeze. Aliketi kwenye ukingo wa sofa, akaushika mkono wa Shemeji, ule wa kushoto, akalia. Alisema kutoka kona mpaka hapa ameshamzika njiani.

Sijawahi kumliza Dada. Nimemwudhi mara nyingi, lakini kulia, hapana. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikavua koti. Nikasema yote: namba ya simu, kifurushi, alasiri moja, tofali.

Bi. Uhalisia alitoa simu, akazitazama zile video tena, moja baada ya nyingine, palepale mlangoni. Alipofika kwenye inzi akafumba macho. Akasema ningemwambia mzigo umechelewa, angeniongezea wiki nzima, vifurushi huchelewa kila siku. Dada akafuta machozi akasema hata yeye. Ningemwambia, angekwenda kwa Mjomba akaniombea wiki. Basi wiki mbili nzima zilikuwa zinanisubiri, na mimi nasugua koti kwa tofali.

"Njia ya mwongo ni fupi, mdogo wangu," Dada akasema. "Yako imeishia kibandani kwangu."

Nikadhani mgeni ataondoka. Dada hakumruhusu. Mtu ameleta machungwa nyumbani kwake, hawezi kurudi bila chai. Wakaketi. Mimi nilikaa kwenye ndoo, sikuambiwa ila nilijua. Bi. Uhalisia akawa anaangalia lile shati. Mwisho akamwuliza Shemeji ni la lini.

Shemeji akasema alilinunua mwaka aliooa. Amemzika baba yake nalo. Mkono huu wa shati uliungua kwenye tanuri, Dada akaukata akaushona upya. Kiraka cha kwapani ni pazia la nyumba yao ya kwanza, chumba kimoja, choo cha kushirikiana na watu kumi na mmoja. Hiki cha kifuani ni kipande cha gauni alilovaa Dada siku ya posa. Dada akadakia kwamba uongo, ni la siku ya pili yake, la posa analo bado. Wakabishana kidogo. Shemeji akacheka, akashindwa. Bi. Uhalisia alikuwa ameacha chai yake ipoe.

Kisha akaliokota koti pale nilipolitupa. Akalipapasa. Akauliza nani ameushona mfuko huu. Dada akasema ni yeye. Akauliza ulichanikia wapi. Dada akamwonyesha. Bi. Uhalisia hakuona kitu, akalipeleka dirishani, bado hakuona.

Akamwomba Shemeji alivae yeye. Miezi mitatu, kazini na nyumbani, likichafuka lichafuke, likichanika Dada alishone, na Dada awe anarekodi kwa simu yake. Simu ya Dada ina kioo chenye ufa! Nikainuka kwenye ndoo nikajitolea kuwaongoza, mwanga, mpangilio, mimi nina uzoefu. Wote watatu wakasema hapana kwa pamoja. Nadhani na Kinyozi pia.

Mkataba ukatoka kwenye mkoba. Bi. Uhalisia akauliza jina. Shemeji akataja lile la kwenye kitambulisho.

Jumapili, 10 Machi

Nimemfulia Shemeji nguo za kazini. Mapatano ni mapatano. Unga ukilowa ni gundi.

Jumatatu, 11 Machi

Dukani kwa Mjomba, saa mbili kamili.

Dada ameniamsha mwenyewe. Alikuwa ameshanipigia pasi shati. Akasema hasira zimemwisha, ila nisimseme tena mume wake kwa mtu yeyote, kwa heri wala kwa shari. Nikamwuliza wateja wake atawaambia nini. Akasema atawaambia mdogo wake ameajiriwa. Akanitengeneza kola, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa naanza shule. Ilinibidi nijifanye nimeingiwa na kitu jichoni.

Mjomba hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Amenifundisha kazi: magodoro ya inchi sita mbele, ya inchi nane nyuma, mteja asiruhusiwe kulala na viatu. Yeye mwenyewe hujaribu bidhaa kila siku. Anasema huwezi kuuza usichokijua.

Jumatano, 20 Machi

Koti la Shemeji limeungua kiwiko. Dada amelirekodi. Watu elfu kumi na mbili wametazama mkate ukitolewa kwenye tanuri! Hakuna mwanga wowote. Nimewapongeza. Nimewapongeza kweli, mara ya pili.

Lakini nimetafakari. Siku tisa nimebeba magodoro na kutafakari. Mchimba kisima huingia mwenyewe, sawa, ila akitoka huwa anajua mahali kisima kilipo. Nimejichunguza bila huruma. Saa nilishusha. Kalenda nilishusha. Mashati nilibadilisha. Kosa langu lilikuwa moja tu, nalo ni sofa.

Na hapa dukani hakuna hata sofa moja!

Kampuni inayotuletea magodoro inatafuta watu wa kawaida. Wanataka mtu alale kwenye godoro lao usiku saba, na kila asubuhi aseme kwa ukweli ameamkaje. Nimejiandikisha jana, namba ya simu nimeikagua mara nne. Jina la kwenye kitambulisho. Mtu hujifunza.

Leo wateja walikuwa wachache. Nikafunga mlango wa bati nusu ili pawe na giza la usiku, nikatandika shuka saba tofauti, nikajinyoosha na kupiga miayo mara saba. Wa nne ulikuwa wa kweli. Saa tisa alasiri usiku wote saba ulikuwa umeshatumwa, nasubiri jibu tu.

Mjomba hakunisumbua hata kidogo. Alikuwa amelala kwenye godoro la nyuma tangu asubuhi.